Ubao wa Mawimbi Uliofika Rhonda

Enzi zetu pale Rhonda, mtaani Nakuru, mtu akipaka mlango wake rangi, mtaa mzima ulikuwa umeshatoa maoni kabla rangi haijakauka. Wa kwanza angesema hiyo bluu imezidi, wa pili angeuliza kama kuna harusi, na sisi watoto tungekuwa tumeshagusa kwa kidole ili tuhakikishe kweli ni mbichi, kisha tunapangusa kidole kwenye sketi ya shule na kungoja kesi nyumbani. Mliokua wakati ule mnanielewa. Rangi ilikuwa kitu adimu. Nyumba zilikuwa za mabati, mabati yalikuwa na kutu, na wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe kutoka upande wa ziwa likatua juu ya kila kitu: nguo kwenye kamba, sufuria ya githeri, nywele zetu. Mama alikuwa akisema watoto wa Rhonda huzaliwa na mvi.

Tuliishi kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, sita vikitazamana na sita, mfereji mmoja wa maji katikati. Mimi na dada yangu Shiru, aliyenizidi miaka miwili, tulilala kitanda kimoja, miguu yake kichwani kwangu na yangu kichwani kwake. Mama alifua na kupiga pasi nguo za watu. Alizifuata Milimani, kwenye nyumba zenye miti mirefu na mbwa wakali, akarudi na mzigo kichwani, na kesho yake ploti nzima ilinukia sabuni ya kipande na makaa ya pasi. Jioni tulicheza bladda ya kuruka kamba, kati ya mpira na brikicho ya kujificha mpaka tuitwe mara tatu. Mara ya kwanza uliitwa jina lako. Mara ya pili uliitwa jina lako na la babu yako. Mara ya tatu hukuitwa kitu, uliona tu ndala ikipita hewani.

Baba hakuwa nasi miaka hiyo. Alikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii huko pwani, na sisi tulimjua kama mtu wa Krismasi. Alifika na mabuyu, korosho na kicheko kikubwa, akatupikia wali wa nazi, akatuuliza tumekuwa nambari ngapi darasani, halafu Januari akaondoka. Kisha mwaka mmoja akarudi Julai, ile miezi ya baridi ambapo Nakuru hupigwa na upepo mpaka masikio yanauma, na hakuja na mabuyu. Hoteli ilikuwa imefungwa. Alishuka kwenye basi na sanduku moja, na kutoka juu ya basi makanga akamshushia kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka kuukuu.

Alipopita nacho kwenye ploti, milango yote ilifunguka. Mama Atieno wa chumba cha tano akauliza kwa sauti ya chini kama ni msiba. Watoto wa jirani wakasema ni bawa la ndege. Baba alipofungua shuka tukaona ubao mweupe, mrefu kumzidi yeye, mwembamba mbele na nyuma, laini kama yai, na upande wa mkia umevunjika kidogo.

"Ni ubao wa mawimbi," Baba akasema. "Wageni husimama juu yake, maji yanawasukuma."

"Wakienda wapi?" Mama akauliza.

"Hawaendi popote. Wanarudi ufuoni."

Mama alimtazama, akautazama ubao, akaenda kuweka chai. Kuanzia siku hiyo watoto wa ploti wakauita ulimi wa ng'ombe.

Baba huyu wa Julai hakuwa yule wa Krismasi. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi akaenda kutafuta kazi. Alijaribu hoteli za mjini, akajaribu jikoni za shule, akafika hata Lanet kule karibu na kambi ya jeshi. Akirudi alisema neno moja, "Wamesema nipite tena," kisha anakaa kwenye kizingiti, anatazama mfereji. Hakuwa mkali. Hakututuma, hakutukemea, hakuuliza nambari ya darasani. Ukimwamkia aliitikia kama mtu aliyeko chumba kingine. Shiru alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi kumi, na tulianza kutembea polepole ndani ya nyumba yetu wenyewe bila kuambiwa na mtu.

Mama naye hakuwa mtu wa kuacha kitu kikae bure. Wiki ya pili alilaza ubao ule juu ya kreti mbili za soda, akatandika blanketi, akaanza kupiga pasi. Urefu ulimfaa ajabu. Shuka la Milimani lilienea lote bila kukunjwa. Baba alimwona, akapita, hakusema kitu, na Mama akachukua kunyamaza kwake kuwa ruhusa.

Sasa nakuja kwenye makosa yangu. Ilikuwa Jumamosi, Mama amepeleka nguo, Baba yuko mjini, na mimi nimeachiwa shati langu la shule nilipige pasi. Ninyi mnaijua pasi ya makaa, ule uzito wake, na jinsi majivu yanavyotafuta kola nyeupe. Nilikuwa nusu ya shati niliposikia wenzangu nje wakihesabu zamu za bladda. Nikasema nitaruka raundi moja tu. Nikavuta shati pembeni, nikailaza pasi kifudifudi juu ya blanketi, nikatoka.

Harufu ndiyo iliyoniita. Haikuwa harufu ya nguo kuungua, ilikuwa kali, ya kitu cha plastiki. Nilipoingia, blanketi lilikuwa na tundu jeusi lenye umbo la pasi, na chini yake ubao umefura, umekuwa wa kahawia, umbo lilelile, ncha mbele na mviringo nyuma. Shiru alikuja nyuma yangu akasimama.

"Baba akiona hii," nikasema.

"Hatafanya kitu," Shiru akajibu. "Hiyo ndiyo mbaya."

Nilielewa alichomaanisha. Kama angekuwa na hasira tungejua la kufanya, tungelia mapema na mambo yangeisha. Lakini tulijua angeangalia tu, kisha angerudi kizingitini, na safari hii huenda asingetoka huko. Ubao ule ndio kitu pekee alichorudi nacho kutoka miaka yake yote ya kazi.

Kwanza tulijaribu ile rangi nyeupe ya kupaka raba za shule. Ilikauka, ikapasuka kama udongo wa kiangazi, ikaanguka. Tukageuza ubao, doa likawa chini, na blanketi tukalikunja tundu likawa ndani. Tulikaa hivyo siku mbili, roho mkononi. Ndipo Shiru, ambaye vitabu vyake vyote vya hesabu vilikuwa na michoro nyuma, akasema tuchore kitu juu ya doa. Na si juu ya doa peke yake. Tuuchore ubao mzima, ili mtu asijiulize kwa nini pale tu pamechorwa.

Mtaani kwetu mwenye rangi alikuwa mmoja, Fundi Barasa, aliyeandika kuta za maduka. Maneno yote tuliyosoma kabla ya kujua kusoma yalikuwa ya mkono wake: kinyozi, bucha, posho mill. Alijivunia herufi zake, hasa herufi S, na alikuwa hasemi na watoto ila kuwafukuza. Tulimkuta nje ya duka moja, juu ya kreti, anamalizia kuchora mkia wa ng'ombe ukutani. Shiru akamweleza kila kitu, pamoja na pasi. Mimi sikutaka aseme pasi, lakini alisema.

Barasa hakugeuka. "Huo ubao unang'aa?"

"Unang'aa."

"Basi rangi haitashika. Itabanduka kama ngozi ya viazi. Mnausugua na msasa mpaka uwe mkavu hivi, hauna mng'aro. Mnafuta vumbi. Mnangoja. Halafu ndio mnapaka, nyembamba, si kama mnapaka uji." Akashuka kwenye kreti. "Na mtanioshea hizi brashi na mafuta ya taa, zote, na mikono yenu itanuka wiki nzima."

Ilinuka wiki mbili. Kwa malipo hayo tulipata mabaki kwenye mikebe: bluu ya kinyozi, nyekundu ya bucha, nyeupe nusu mkebe, na kijani kidogo kilichoganda juu kama ngozi ya maziwa.

Tulifanya kazi baada ya shule, nyuma ya ploti, mahali palipokuwa na ukuta wa kutukinga. Kusugua peke yake kulitumaliza vidole. Kisha ikaja vita ya nini tuchore. Mimi nilitaka nyumba yenye maua na bomba la moshi, kama zile za Milimani. Shiru alisema huwezi kuweka nyumba juu ya kitu cha maji. Tuligombana hivyo kwa sauti ya chini, maana tulikuwa wahalifu, na siku ya tatu Mama akatukuta.

Alisimama na beseni kiunoni. Nikafikiri mwisho umefika. Aliinama, akaweka kiganja juu ya lile doa, akaniangalia mimi moja kwa moja, sijui alijuaje kwamba ni mimi. Akasema, "Mmeanza, malizeni. Na mkimwaga rangi kwenye nguo za watu, mtanijua." Akaenda kuanika. Nikamsikia akiimba, na hakuwa ameimba tangu Julai.

Kwa hiyo Shiru akachora bahari. Hakuwa ameiona, wala mimi. Maji tuliyoyajua ni ziwa letu, na ziwa letu halina mawimbi ya kusimulia. Akachora milima ya bluu, mmoja nyuma ya mwingine, yenye ncha kali, kama unavyouona mlima wa Menengai ikiwa wewe ni mtoto na kazi ya nyumbani ni jiografia. Mimi nikapewa samaki. Samaki wangu walikuwa na kope.

Siku hiyo Baba alirudi mapema. Hatukusikia hatua zake. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, koti mkononi, anatazama.

"Nani amefanya hii?" akauliza, taratibu.

Mama akatokea nyuma yake, mikono ina povu. "Ni mimi niliwaambia."

Sikuweza kumwacha Mama abebe uongo ule. Nikasema, "Ni mimi. Nilichoma na pasi. Niliiacha nikaenda kucheza. Tulitaka kuficha."

Baba akachuchumaa, akatafuta doa chini ya rangi, akalipitishia kidole gumba polepole kuanzia ncha mpaka nyuma. Nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Ulichomeka?" akaniuliza.

"Ubao?"

"Wewe. Mkono."

Nikatikisa kichwa. Akashika mkono wangu akaugeuza, akaangalia mwenyewe, akauacha. Kisha akautazama tena ubao.

"Mawimbi hayako hivyo," akasema.

Shiru, ambaye hakupenda kukosolewa hata na mwalimu mkuu, akamuuliza, "Yakoje basi?"

Baba akaweka koti juu ya ukuta, akakunja mikono ya shati, akachukua brashi. "Hii umefanya mlima. Mlima umesimama. Wimbi halisimami, linakuja, linainuka, halafu linajikunja, ona, hivi, kama mtu anageuza chapati. Hapa linapojikunja ndipo kuna nyeupe. Nipe nyeupe." Akavuta mstari mmoja, na hata mimi mwenye samaki wa kope nikaona maji yanakuja.

Ndipo akaanza kuzungumza, mkono ukienda. Alituambia jinsi alivyokuwa akiamka kabla ya zamu ya kiamshakinywa, kabla wageni hawajatoka. Kulikuwa na mwalimu aliyefundisha wageni kuteleza juu ya mawimbi, na mwalimu huyo alipenda mahamri ya Baba, kwa hiyo akamfundisha bure. Miezi mitatu Baba alianguka tu. Alikunywa maji ya chumvi mpaka hakuhitaji chumvi kwenye chakula. Kisha asubuhi moja akasimama, akahesabu mpaka sita kabla ya kuanguka. Mwalimu alipoondoka alimwachia ubao ule uliovunjika mkia.

"Kwani ulikuwa unajua kuogelea?" Mama akauliza.

"Nilijifunza."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungesema nirudi nyumbani."

"Ningesema," Mama akakubali, na wote wawili wakacheka, kicheko kile cha Krismasi, mwanzoni mwa Agosti.

Tulichukua wiki nzima kuumaliza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na la kuongeza. Lile doa la pasi Baba aliligeuza kuwa kobe wa baharini. Umbo lilikuwa tayari, akaongeza kichwa na miguu minne. Mama alidai naye awe na kitu chake, akachora kuku. Shiru akalalamika kwamba hakuna kuku baharini. Mama akasema huyo amepanda meli, tukaacha. Jumapili baada ya kanisa Baba alilaza ubao kwenye nyasi za uwanja wa nyuma, akatuonyesha jinsi ya kusimama, magoti yamelegea, mikono wazi, macho mbele. Watoto wa ploti nzima wakapanga foleni kusimama juu ya ulimi wa ng'ombe, na Mama Atieno, mwanamke mzito mwenye heshima zake, akavua viatu naye akasimama. Baba akamhesabia mpaka sita.

Fundi Barasa alikuja kukagua rangi yake. Aliuzunguka ubao mara mbili, akasema samaki ni wabaya, kobe ni mzuri, na kuku hana maana. Halafu akamuuliza Baba, "Mzee, wewe si mpishi? Sasa kitu kama hiki unakiegemeza ukutani kwa nini?"

Hivyo ndivyo hoteli yetu ilivyoanza. Ilikuwa kibanda cha mbao kando ya barabara, benchi mbili na jiko la makaa, na juu ya mlango ubao wa mawimbi ambao Barasa aliuandikia HOTELI YA MAWIMBI, herufi S hakuna, jambo lililomsikitisha. Baba hakupita tena kwa watu waliosema apite tena. Siku ya kwanza alipika maharagwe ya nazi, na mteja wa kwanza, fundi wa baiskeli, akasukuma sahani.

"Boss, hii maharagwe mmeweka maziwa?"

"Ni nazi. Onja."

"Mimi nilitaka maharagwe ya kawaida."

"Onja, ukikataa sitakudai."

Alionja, akamaliza sahani, akaongezewa. Kwa miaka mingi alikuja kila siku akilalamika kuhusu maziwa.

Kibanda kile ndicho kilichotusomesha mimi na Shiru mpaka sekondari. Jua na mvua viliibandua rangi, na kila Desemba tuliushusha ubao, tukausugua, tukaupaka upya, tukigombana upya. Kuku wa Mama alinenepa mwaka hata mwaka. Barabara ilipopanuliwa vibanda vyote viliondolewa, na ubao ulipasuka katikati ukishushwa. Tuliutupa. Baba alikuwa ameshachoka kusimama jikoni, na sisi tulikuwa wakubwa, kwa hiyo hakuna aliyelia.

Shiru anafundisha shule ya msingi huko Molo. Mimi ninaishi Lanet na mume wangu na watoto watatu, na Baba na Mama wako nasi, chumba chao kinapata jua la asubuhi. Sina malalamiko. Watoto wetu hawana vumbi kichwani. Wakitaka kitu chenye picha yao wenyewe, iwe kava ya simu au fulana, wanabonyeza, kinaletwa na pikipiki, kimekamilika, hakina kope mahali pasipopaswa. Nikiwaambia sisi tulisugua ubao na msasa, tukaupaka wiki nzima, wananitazama kwa huruma. Kitinda mimba wangu aliniuliza, "Na hamkuwa na kitu ya kufanya?"

Likizo iliyopita watoto wa Shiru walikuja, nikawaambia wachore ukuta wa nyuma ya jikoni. Wanangu watatu na wa dada yangu wawili. Nilinunua brashi mpya za kutosha kila mtu, na rangi sita. Waligawana ukuta kwa chaki, kila mmoja pande lake, wakaweka vitu vyao vya muziki masikioni, wakachora kimya. Kazi ilikuwa safi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, fimbo kati ya magoti, anawatazama kwa makini sana, nikadhani amependezwa.

Akaniita. "Nyambura, hawa wamekosana?"

"Hapana, Baba. Wako sawa tu."

"Basi mbona hawagombani?"

Nikahesabu brashi: tano, kwa watoto watano. Kisha nikapita nyuma ya watoto, nikakusanya brashi moja moja kana kwamba naenda kuziosha, nikaacha moja. Kabla sijafika mlangoni nikasikia mkubwa akisema ni zamu yake, mdogo akisema amengoja zaidi, na mtoto wa Shiru akisema kwanza hilo jua limechorwa vibaya. Baba akasogeza kiti chake karibu zaidi na ukuta.